Kitanda Kimoja cha Bweni

Baba,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye maungamo. Siku tulipokuzika, watu wakiimba na Mama ameshikwa huku na huku ili asianguke, mimi sikuwa nakufikiria wewe. Nilikuwa nafikiria kitanda. Niliangalia udongo mwekundu unavyoingia kaburini, na kichwani nikawa najiuliza: sasa nitalala wapi ili nibaki shuleni? Nililia, ndiyo, watu wote waliniona nikilia. Lakini nililia na kupanga kwa wakati mmoja. Tangu siku hiyo sikai mahali pamoja. Hata barua hii naiandika kwa vipande, nasimama, naenda mlangoni, narudi.

Kambi unaijua kuliko mimi. Nyumba ni ya kampuni, na inamfuata mfanyakazi. Mfanyakazi akifa, nyumba inamfuata mwingine. Baada ya kilio kwisha, karani wa kambi alikuja. Alivua kofia yake, akaketi kidogo, akauliza habari za wadogo zangu, kisha akamwambia Mama kwamba mwisho wa mwezi kuna familia nyingine inaingia. Hakusema kwa ubaya. Mama alimjibu kwamba amesikia. Alipoondoka, Mama alianza kufunga sufuria ndani ya kitenge, siku ileile, kana kwamba lori lilikuwa tayari barabarani. Anarudi Kilwa yao ya ziwani, kwa kaka zake. Na mimi ni mwanawe, kwa hiyo na mimi nilitakiwa niende Kilwa. Huko kuna samaki, kuna babu, kuna kila kitu isipokuwa mwaka wa nne wa sekondari.

Shuleni hakuna aliyejua. Wenzangu walikuja kwenye kilio, walikaa na wanaume kando ya moto, wakarudi kwao wakijua kwamba nimefiwa tu. Mimi sikuweza kuwaambia yaliyobaki. Kila nilipofungua kinywa, nilijiona kama mtu anayenyoosha mkono aombe.

Sasa nikueleze habari ya kamati, maana ulikuwa unaniuliza kila Jumamosi, na mwishoni ulipokuwa unakohoa sana nilikuwa nakujibu kwa kifupi ili usiongee.

Unakumbuka mwaka jana Padri Direkta wa shule alipokubali tuwe na kamati ya wanafunzi, wewe, mtu wa baraza la kambi, ulifurahi kuliko sisi. Ulisema, "Sasa na nyinyi muko na baraza yenu." Mimi niliingia kwa sababu ya mwandiko wangu tu. Walihitaji katibu, Léonard, rais wetu, akasema, "Tuweke ule mwenye kuandika kama mashini," basi. Kazi yetu ilikuwa kupanga zamu za kufagia, kutunza ufunguo wa chumba cha vitabu, kutembelea wagonjwa, na kumpelekea Padri malalamiko ya maharagwe. Wa mwaka wa kwanza walitucheka. Walituita komite ya sabuni, kwa sababu jambo pekee tulilowahi kushinda lilikuwa kipande cha pili cha sabuni. Léonard akipita uwanjani, kuna mmoja alikuwa anapiga saluti: "Bonjour, Monsieur Savon," yaani Bwana Sabuni. Na Léonard, kwa kuwa ni rais, anarudisha saluti.

Mimi sikuwahi kusema neno mkutanoni. Niliandika ya wengine. Wewe ulikuwa hupendi hilo. Ulikuwa unasema, "Mutu wa baraza mwenye kunyamaza ni kiti."

Basi, majuma machache baada ya wewe kuondoka, mwanafunzi mmoja wa bweni alikwenda seminari, kitanda chake kikabaki wazi. Kile cha karibu na dirisha. Padri Direkta akatuita wote watano wa kamati, akasema safari hii hatachagua mwenyewe. Kamati imletee jina moja, na yeye atalikubali. Lakini tukimletea ugomvi, atachagua yeye, na hatatuuliza tena jambo lolote lenye uzito. Tulipotoka ofisini kwake Léonard alitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Mimi nilipitia nyuma ya bweni, nikakichungulia dirishani. Kitanda kile, Baba. Chakula, taa ya kusomea, na mwaka wa nne, wa tano, wa sita.

Shida ni kwamba kitanda kilikuwa na mtu tayari, kabla hata hatujakaa. Kila mmoja alijua jina ni Évariste. Huyo ni golikipa wetu, mtoto wa kijiji cha Lukafu, anaishi kwa mjomba wake huko mwisho wa mtaa wa Cité. Mke wa mjomba hamtaki ndani, kwa hiyo analala jikoni, lile jiko la nje lisilo na mlango. Siku za mvua anafika darasani amefunga vitabu ndani ya gunia la unga, yeye mwenyewe ameloa, na anaadhibiwa kwa kuchelewa. Shule nzima inalijua jambo lake. Langu halijulikani na mtu.

Nitakuambia ukweli mwingine mbaya. Juma lile zima nilikuwa namchunguza Évariste. Nilitaka nione amekauka, ameshiba, anacheka, ili niseme moyoni kwamba hali yake si mbaya sana. Na kweli anacheka. Anacheka kila wakati, hata akifungwa magoli. Nilimchukia kwa kucheka kwake, kisha nikajichukia mimi, kisha nikatembea kutoka shuleni mpaka kambini kwa njia ndefu ya relini ili nisifike nyumbani mapema nikaone mizigo.

Njiani humo nilikuwa nakukumbuka na baraza lako. Ulivyokuwa unapiga pasi shati jeupe mwenyewe, makaa yanaruka, Mama anakuambia utaunguza meza. Ulivyonikalisha kwenye kigoda, ukanivika kikapu cha unga kichwani, nikawa Bwana Mkubwa wa kampuni, na wewe umesimama mbele yangu unajaribu maneno yako ya kesho. "Bwana, bantu ba kambi banasema bomba ya maji iko mbali." Na mimi natakiwa nikatae. Ulikuwa unaniambia, "Katala tena. Katala muzuri. Yeye atakatala kuliko wewe." Mimi nilikuwa nacheka mpaka kikapu kinaanguka.

Na ile habari ya nyumba ya mwisho wa mstari, yenye vyumba vitatu. Wewe uliitaka, na yule jirani mwenye watoto wengi aliitaka. Baraza lilipewa nafasi ya kupendekeza, na wewe ulikuwa mmoja wa baraza. Ulisema jambo lako mbele yao, kisha ukatoka nje ukasimama juani mpaka walipomaliza. Nyumba ikaenda kwa jirani. Mama hakukuongelesha siku nzima, kisha akasema, "Wewe ulitoka inje, na sisi sasa tumebaki inje." Na wewe ulicheka ukanieleza mimi, maana yeye alikuwa hakusikilizi: "Muntu aseme jambo yake yeye mwenyewe. Kisha atoke, bantu bapumue." Ulisema mtu akibaki chumbani, wenzake wanaangalia uso wake, hawaangalii jambo.

Nilikuwa najiuliza maneno hayo yanamsaidia nani, kama aliyetoka ndiye aliyekosa.

Tulikaa Jumamosi baada ya masomo, katika chumba cha vitabu. Léonard, mimi, Hilaire yule mfupi mwenye ulimi, na wawili wa mwaka wa tano. Nje walikuwa wanacheza mpira. Léonard alisema, "Kazi ya leo iko mufupi. Évariste. Nani anakatala?" Hakuna aliyekataa. Aliniangalia ili niandike. Nilichovya kalamu, nikaandika tarehe, nikaandika herufi ya kwanza ya jina lake, na mkono ukakataa kuendelea. Tone la wino lilianguka likaharibu karatasi.

Nikasema, "Mi niko na jambo."

Hilaire aligeuka akanitazama. "Kumbe sekretere iko na sauti. Tangu mwaka jana tulifikiri ni bubu."

Wakacheka. Mimi nilisimama, maana wewe ulikuwa unasimama. Nikawaambia kuhusu karani, kuhusu mwisho wa mwezi, kuhusu Kilwa. Nilisema haraka mno, nikarudia sehemu moja bila sababu. Nikasema na mimi nakitaka kitanda. Nilipomaliza, kicheko kilikuwa kimekwisha.

Hilaire ndiye aliyeongea kwanza, na hakuwa anatania tena. "Juu ya nini haukusema? Tulikuya ku kilio yenu, tulikula bukari yenu, tulikaa na we mpaka asubui. Na we ulinyamaza na kintu kama hiyo?"

Nikaanza kwenda mlangoni.

"Unaenda wapi?" Léonard akauliza. "Tuko tunaongea juu yako."

"Njo maana natoka. Mwenye jambo anatoka inje. Banafanya vile mu baraza ya kambi."

"Na Évariste?"

"Évariste iko inje tayari," Hilaire akasema. "Iko ku mpira."

Hapo ndipo nilipoona kosa letu, Baba. Évariste hakuwa nje kwa sababu amesema akatoka. Alikuwa nje kwa sababu hakuna aliyemwita. Sisi watano tulikuwa tumemhurumia juma zima, tumelisema jiko lake na gunia lake, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye anataka nini. Nilimwambia Léonard kwamba na yeye aje aseme lake. Nilisema hivyo kwa haki, nafikiri. Lakini pia nilitumaini kidogo kwamba atakuja na kusema hakihitaji.

Nilikwenda kumwita mwenyewe. Alikuja na matope mpaka magotini, mpira ameukumbatia asije mtu akauchukua. Alisimama mbele ya kamati, akaangalia wote, akasema, "Mi naitaka ile kitanda. Basi."

"Eleza kidogo," Léonard akasema.

"Nieleze nini? Banalala juu yake, sivyo? Mi nataka kulala."

Tukatoka wote wawili. Mlango ukafungwa.

Tulikaa kwenye ukingo wa tangi la maji. Yeye alikaa, kusema kweli. Mimi nilikwenda mpaka kwenye kichuguu, nikarudi, nikaenda tena. Aliniambia, "Kaa chini, unanichokesha macho." Nikakaa. Akauliza ni kweli nyumba yetu inachukuliwa, kwa maana alikuwa amesikia kwa Hilaire pale mlangoni, muda ule alipokuwa akiingia. Nikasema ni kweli. Aliuzungusha mpira mkononi.

"Ungeliniambia."

"Ningekuambia nini? Usiitake?"

"Hapana. Mi ningeitaka tu. Lakini ungeliniambia." Akacheka. Kisha akasema, "Kama banakupa we, sitakukasirikia sana. Kidogo tu. Mpaka Pasaka."

Nikamuuliza kuna baridi kiasi gani kule jikoni. Alisema baridi si kitu, moto unabaki kwenye jivu. Kinachomsumbua ni kwamba mke wa mjomba anaamka mapema kupika uji, na yeye lazima aamke amtolee nafasi, na hawezi kusoma akiwa amesimama. Alisema hayo bila kulalamika, kama mtu anayeeleza njia. Mimi nilikuwa nimemjua kwa miaka mitatu na sikuwahi kujua kwamba anapenda kusoma. Nilifikiri anapenda goli tu.

Unajua, Baba, pale nilikuelewa kidogo. Nikiwa chumbani nilikuwa na jambo langu. Nje pale, na mtu mwingine mwenye jambo lake pembeni, nilianza kuogopa vitu viwili. Niliogopa nitakosa. Na niliogopa nitapata, kisha niwe ninamwona anafika ameloa.

Léonard alifungua mlango. Hakutuita ndani. Alisimama tu pale, akaangalia chini, na akasema jina la Évariste.

Évariste hakurukaruka. Aliniwekea mpira mapajani kama mtu anayeacha amana, akaenda kunawa miguu bombani. Léonard akaja kwangu. Alisema walibishana sana, kwamba Hilaire alinipigania mimi. Kisha akasema, "We uko na milango ya kubisha. Kambi nzima inajua baba yako. Yeye hana mulango hata moja. Njo vile tuliona."

Nilitaka kumpiga. Ni rahisi kuhesabu milango ya mtu mwingine. Wewe ulipokuwa unarudi kutoka barazani bila nyumba, ulikuwa unacheka kweli, au ulicheka ukifika karibu na mlango wetu? Hilo sikukuuliza, na sasa nalitaka kulijua kuliko yote.

Niliingia, nikakaa mahali pangu, nikachukua karatasi mpya. Niliandika jina lake lote, kwa mwandiko wangu mzuri, na sababu, na kwamba waliohusika walisema yao wakatoka. Tulimpelekea Padri Direkta. Alisoma, akauliza nani ametufundisha jambo la kutoka nje. Wenzangu waliniangalia. Nikasema, "Baba yangu, mon père," kama tunavyomwita padri kwa Kifaransa. Akaitikia kwa kichwa, akatia sahihi. Hakuna aliyetuita komite ya sabuni juma lile, ingawa nadhani watarudia tu.

Nyumbani nilimwambia Mama. Alikuwa ameketi juu ya mzigo. Aliniangalia, akasema, "Na wewe umetoka inje." Nilifikiri atanigombeza. Aliondoka kwenye mzigo, akanipa bukari, ule ugali uliokuwa umebaki, akasema lori linaondoka Jumatano, na kama nina mlango wa kubisha nibishe kabla ya hapo.

Basi nilibisha. Mimi, ambaye nikitumwa chumvi kwa jirani nilikuwa nasimama nje mpaka mtu atoke mwenyewe. Nyumba ya kwanza watoto walikuwa wamejaa mpaka chini ya meza. Ya pili mama wa nyumba alilia kwa ajili yako, akanipa ndizi, akasema hapana. Nyingine walisema mpaka wamwulize mkuu wa kambi, na nilisikia kwenye sauti kwamba hawatamwuliza. Kila mlango nilisema kwa sauti kubwa zaidi kidogo. Kuna mahali nilijisikia kama wewe umekaa ndani na kikapu kichwani, unanikatalia vizuri.

Nilifika kwa Baba Kapenda, yule uliyefanya naye kazi, ambaye mkewe alikwenda kujifungua kwao na hajarudi. Sasa yuko zamu ya usiku. Alinisikiliza akiwa anafunga viatu vya kazi. Akasema, "Usiku kitanda yangu inalala yenyewe. We, muchana uko mu masomo?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi hatutakutana."

Alisema atamwambia mkuu wa kambi kwamba mimi ni mtoto wa dada yake. Wakimbadilisha zamu, nitatandika mkeka. Mkewe akirudi, tutaona. Hiyo ndiyo hali, haina uhakika, na mimi bado nasimama naenda mlangoni kila mara kama mtu anayesubiri kuitwa.

Sijui namna ya kumuaga mtu ambaye bado nabishana naye. Pumzika, Baba. Kifua chako kipumue sasa. Mama nitamwandikia kila mwezi, na wadogo nitawatumia kurasa za kusoma. Na nakuahidi hili moja: katika kamati sitakuwa kiti tena. Nikiwa na jambo nitalisema mapema, kabla mtu hajaingizwa kwenye karatasi bila kuulizwa. Yakitushinda, nitakuja kaburini nikupe habari, na wewe utakataa vizuri.

Kipande cha mwisho: Jumatano lori liliondoka asubuhi. Nilipandisha mizigo, nikampandisha mdogo wangu wa mwisho juu ya gunia la unga, Mama akanishika kichwa kwa mikono miwili. Nilikwenda shuleni, nikafika nimechelewa, nikaadhibiwa. Jioni king'ora cha zamu kilipolia, Baba Kapenda alitoka na taa yake, akaniachia ufunguo. Niliingia, nikasukuma vitabu vyangu chini ya kitanda chake, nikakaa ukingoni bila kuvua viatu, nikafungua aljebra pale tulipoishia darasani.

Mwanao,
Anselme